Safari ya mama kutoka Kigoma hadi Marekani: aunganishe ndege wapi?

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mfanyabiashara wa hapa Kigoma mjini, ninaishi Mwanga. Dada yangu anaishi na mume wake Indianapolis, Marekani, na mwezi Januari anatarajia kujifungua mtoto wa tatu. Mama yetu, mwenye umri wa miaka 69, amekwisha kupata viza na amekubali kwenda kukaa naye miezi mitatu. Hajawahi kupanda ndege hata mara moja, magoti yanamsumbua, na lugha anazozijua ni Kiha na Kiswahili tu. Atasafiri peke yake, kwa kuwa mimi sina viza.

Wakala wa tiketi amenipa safari ifuatayo: mama aondoke Kigoma asubuhi, afike Dar es Salaam, na jioni ya siku hiyo hiyo apande ndege ya Dubai. Kutoka Dubai aende New York, na New York abadilishe tena ndege ya kwenda Indianapolis, akiwa na muda wa saa 1 na dakika 50. Kipande cha Kigoma hadi Dar kiko kwenye tiketi yake ya peke yake. Nilipouliza kama hakuna ndege ya moja kwa moja, aliniambia ipo ya kutoka Addis Ababa hadi Washington. Hata hivyo, jirani yangu aliyewahi kuipanda anasema ilitua Ulaya njiani, wakakaa ndani ya ndege kwa muda mrefu kabla ya kuruka tena. Sasa sielewi "moja kwa moja" maana yake nini.

Nina hofu kwa sababu mwaka juzi yalinikuta. Nilikuwa nakwenda kuchukua mzigo wa biashara nje ya nchi, nikiwa na tiketi mbili tofauti kama hizi. Mvua kubwa ilinyesha, ndege ya ndani ikachelewa kwa saa nne, na nilipofika kaunta ya ndege ya pili Dar nikaambiwa imefungwa. Kila kampuni ilinielekeza kwa mwenzake, na mwishowe nikanunua tiketi upya. Mimi nililala kwenye viti vya uwanja nikavumilia. Mama hataweza.

Je, ipo ndege inayotoka Tanzania hadi Marekani bila kutua popote? Kama haipo, aunganishe wapi, na kwa muda gani?

Mtoto wa Mwanga, Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyokukuta, na hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa, kwa sababu safari uliyopewa na wakala nisingependa mama yako aipande. Nimekata tiketi za watu kwa miaka mingi, na ninapoisoma ratiba yako naona sehemu mbili zinazoweza kumkwamisha mama, nazo ni Dar es Salaam na New York. Dubai, ambayo huenda ndiyo inayokutisha zaidi, ndiyo salama kuliko zote.

Nianze na swali lako la msingi. Hakuna ndege ya abiria inayotoka Tanzania hadi Marekani bila kutua. Iliyo karibu nasi ni ile ya Kenya Airways inayotoka Nairobi hadi New York, iliyoanza mwezi Oktoba 2018, ambayo hukaa angani kwa takriban saa 15 wakati wa kwenda na saa 14 hivi wakati wa kurudi, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na kuisukuma ndege inaporejea.

Jirani yako amekwambia kweli. Neno "moja kwa moja" katika biashara hii linabeba maana mbili, na mawakala wengi hawazitenganishi. Ya kwanza ni ndege inayoruka na kutua mara moja tu. Ya pili ni ndege yenye namba moja ya safari mwanzo hadi mwisho, hata kama inatua mahali fulani kujaza mafuta au kuchukua abiria wengine. Ndege ya Ethiopian ya kutoka Addis Ababa hadi Washington kwa miaka mingi imekuwa ya aina hiyo ya pili wakati wa kwenda, ikitua njiani, kwa mfano Dublin, Ireland, ilhali wakati wa kurudi huja bila kusimama. Sababu yake ni mwinuko. Uwanja wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini na mabawa hayapati nguvu kamili, kwa hiyo ndege haiwezi kuruka ikiwa imebeba abiria, mizigo na mafuta yote ya kuvuka Atlantiki. Washington iko chini, na huko ndege hujaza matangi bila shida. Hata kampuni ya Emirates, pamoja na kuwa na ndege zinazokwenda New York kutoka Dubai bila kutua, inayo nyingine inayopitia Milan. Abiria wawili wanaweza kuondoka Dubai siku moja, kwa kampuni moja, kwenda mji mmoja, na mmoja akatua njiani. Kwa hiyo usimuulize wakala kama ndege ni ya moja kwa moja. Muulize hivi: "Kati ya hapa na pale, ndege inagusa ardhi mara ngapi?" Kisha umwombe akuonyeshe kwenye skrini sehemu inayotaja idadi ya vituo. Lazima isomeke sifuri.

Sasa tuipange safari yenyewe, na tuanzie mwisho wake badala ya mwanzo. Wengi huuliza, "Kutoka Dar naweza kwenda wapi?" wakapewa majibu mengi yasiyo na msaada. Mimi huanza na mji anakofikia msafiri, nikaorodhesha viwanja vikubwa vinavyopeleka ndege huko bila kutua, kisha nikaangalia ni vipi kati ya hivyo vinavyoleta ndege Dar es Salaam. Vinavyoonekana pande zote mbili ndivyo vya kuunganishia. Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe kwa simu, kwa kutumia Google Flights, ambako kuna sehemu ya kuchagua safari kwa idadi ya vituo. Ukishapata majibu, yahakikishe kwenye tovuti ya kampuni ya ndege, kwani ratiba hubadilika mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, na ndege iliyokuwapo Septemba inaweza isiwepo Desemba.

Ukifanya hivyo kwa Indianapolis utapata shida, kwa maana uwanja wake haupokei ndege kutoka Dubai, Doha (Qatar) wala Istanbul (Uturuki). Ndiyo maana wakala amemwekea mama kituo cha New York. Lakini hebu tazama ramani. Indianapolis iko umbali wa takriban saa tatu kwa gari kutoka Chicago, na Chicago inapokea ndege zisizosimama kutoka Dubai, Doha na Istanbul, miji ambayo yote mitatu ina ndege za kuja Dar. Mama akinunuliwa tiketi inayoishia Chicago, na shemeji yako akaenda kumpokea kwa gari, atabadilisha ndege mara moja tu kati ya Dar na Marekani.

Nikueleze kwa nini nakisisitizia sana kituo hicho cha New York. Abiria anayeingia Marekani hukaguliwa na uhamiaji katika uwanja wa kwanza anaotua, hata kama safari yake inaendelea. Mama angesimama kwenye foleni ya uhamiaji, achukuliwe alama za vidole, ajibu maswali kwa lugha asiyoijua, kisha aende kulisubiri begi lake kwenye mkanda, alipitishe forodha, alikabidhi upya kwa ajili ya ndege ya pili, apite tena kwenye ukaguzi wa usalama, na pengine ahame jengo, maana uwanja wa JFK wa New York una majengo kadhaa yaliyoachana. Hayo yote kwa saa 1 na dakika 50, akiwa na magoti mabovu, baada ya saa 14 hivi angani, katika msimu wa theluji ambapo ndege za ndani za huko huchelewa mara kwa mara. Chicago pia atapita uhamiaji na forodha, lakini akimaliza hapo amemaliza, na nje ya mlango yupo mkwe wake. Afisa asipoelewana naye, hakuna ndege inayomkimbia.

Jambo moja la kuangalia hapo ni hili: msije mkanunua tiketi ya hadi Indianapolis kwa sababu ni rahisi, mkiwa na nia ya kumshusha mama Chicago. Abiria akiruka kipande kimoja cha tiketi, kwa kawaida vipande vinavyofuata hufutwa, na mama angejikuta hana ndege ya kurudi. Tiketi isomeke Chicago kwenda na Chicago kurudi. Shemeji yako naye akumbuke kwamba saa za Chicago ziko nyuma ya Indianapolis kwa saa moja.

Kati ya Dubai, Doha na Istanbul, uchague upi? Kutoka Dar, Dubai na Doha ni takriban saa tano na nusu hadi sita, kisha kipande cha kwenda Chicago kinakaribia saa 15. Kupitia Istanbul vipande vinalingana zaidi, yaani saa saba na kidogo, kisha saa 11 hivi. Mtu mwenye magoti mabaya hunufaika na mgawanyo huo wa Istanbul, kwa kuwa hapati nafasi ya kuganda kwenye kiti kwa saa 15 mfululizo. Hata hivyo, baadhi ya ndege za njia hizi huunganisha Dar na Zanzibar au Kilimanjaro, kwa hiyo lile swali la kugusa ardhi uliulize hata kwa kipande hiki cha kwanza. Popote atakapopita, mama avae kiatu kilicholegea, anywe maji, na ainuke kutembea ukumbini kila baada ya saa mbili. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu mara mbili kwa safari ya saa nne au zaidi ya kukaa bila kusogea. Kwa umri wake, ampitie daktari kabla ya kusafiri na kumweleza urefu wa safari.

Kuhusu muda wa kusubiri kwenye uwanja wa kuunganishia, kila uwanja una kiwango cha chini kabisa kinachokubalika, na kompyuta ya wakala itakuuzia hata safari yenye mwanya wa saa moja iwapo kiwango kinaruhusu. Kiwango hicho kimewekwa kwa mtu anayetembea haraka na kusoma mabango. Kwa mama yako mimi nataka saa tatu hadi nne, hasa kwa kuwa ndege za kwenda Marekani huwa na ukaguzi wa ziada na huanza kuingiza abiria mapema. Ikizidi saa sita, uliza kama kuna ndege nyingine ya karibu. Ikiwa kusubiri kunapita usiku mzima, uliza kabla ya kulipa kama kampuni inatoa hoteli, na kama mama atahitaji viza ya kuingia nchi hiyo ili akalale.

Nimeacha Kigoma mwisho kwa sababu ndipo palipokuumiza, nami nataka tupaangalie kwa utulivu. Kilichokuponza si mvua. Ulikuwa na mikataba miwili isiyojuana: kampuni ya kwanza iliahidi kukufikisha Dar na ikakufikisha, ya pili ilikusubiri kaunta na hukutokea. Kama vipande vyote vingekuwa kwenye tiketi moja, chini ya namba moja ya kumbukumbu, ile yenye herufi na tarakimu sita, kampuni ya ndege iliyokuuzia ingewajibika kukutafutia ndege inayofuata bila kukutoza upya. Muulize wakala iwapo kampuni ya ndani ina makubaliano ya kuuziana tiketi na kampuni itakayompeleka mama. Ikiwa ipo, lipa zaidi kidogo uipate, maana hata begi litaweza kuandikwa moja kwa moja hadi mwisho. Mtakapokabidhi mzigo, soma lebo inayofungwa kwenye mpini wa begi. Herufi tatu kubwa zinaonyesha linakoshukia. ORD ni uwanja wa O'Hare wa Chicago. Ukiona DAR, basi mama, au ndugu atakayempokea, itabidi alichukue begi Dar na kulikabidhi upya.

Lakini hata akiwa na tiketi moja, mama alale Dar. Afike siku mbili kabla, si moja. Nina hesabu yangu hapa. Desemba kwenu ni msimu wa mvua, na ndege ikifutwa, inayofuata inaweza kuwa imejaa. Ukiwa na siku mbili mkononi, bado unaweza kumwokoa kwa njia ya ardhini: basi la alfajiri kutoka Kigoma kupitia Tabora, mkalale Dodoma, na asubuhi mpande treni ya SGR, ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria kati ya Dodoma na Dar kwa muda wa saa nne hivi. Ni safari ya kuchosha kwa mtu wa umri wake, na ninaitaja kama akiba tu, ila ukiwa na siku moja pekee hata akiba hiyo huna. Wasomaji wangu wa Tabora, ambao wako karibu zaidi na Dodoma, wanaweza kuifanya hiyo kuwa njia yao ya kawaida. Wakati wa kurudi fanyeni vivyo hivyo, angalau usiku mmoja Dar kabla ya ndege ya Kigoma.

Mwombee mama kiti cha magurudumu siku ile ile unayonunua tiketi. Huduma hii hailipiwi, na haihitaji mtu awe mlemavu. Wakala ataandika alama WCHR kwa abiria anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, au WCHS kwa asiyeweza ngazi. Usiseme WCHR kwa haraka. Bombardier zinazotua Kigoma zina ngazi iliyojengwa ndani ya mlango wenyewe, nyembamba na yenye mwinuko mkali, na mama ataipanda kwa miguu yake akiwa nje uwanjani. Mpeleke nyumba yoyote yenye ngazi za namna hiyo, umtazame akipanda na kushuka, ndipo uamue. Ombeni pia alama MAAS, ambayo ni ya abiria anayehitaji kupokewa na kuongozwa. Mtumishi anayesukuma kiti ndiye atakayempitisha kwenye ukaguzi, kumfikisha kwenye mlango sahihi, na kumfikisha mbele ya afisa wa uhamiaji. Mfukoni mwake awe na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza: jina la dada yako na la mume wake, anwani, namba za simu, sababu ya safari, tarehe ya kurudi, na sentensi moja inayoeleza kwamba anazungumza Kiswahili na angependa mkalimani.

Zipo saa, mwanangu, ambazo zimewakosesha watu wazima ndege zao. Tiketi huandikwa kwa saa ishirini na nne, kuanzia usiku wa manane, na kwa saa za mahali ndege ilipo. Ikiandikwa 00:40 tarehe 10, ndege inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 10, saa sita na dakika 40 usiku, na mama anatakiwa kuwa uwanjani tarehe 9 kuanzia saa tatu usiku. Nimewaona watu waliofika tarehe 10 usiku, na mabegi yao yamefungwa vizuri kwa kamba, ndege ikiwa imeondoka usiku uliotangulia. Mwandikie mama saa zote upya kwa saa zetu za Kiswahili.

Kuhusu zawadi, najua hatatoka Kigoma mikono mitupu. Dagaa wakavu wa matumizi ya nyumbani kwa kawaida huruhusiwa Marekani mradi watajwe kwenye forodha, na nyama asibebe kabisa. Mawese yasikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu kwenye uwanja wa kuunganishia atapita ukaguzi mwingine na chupa yoyote inayozidi mililita 100 itachukuliwa.

Rudi kwa wakala umwombe safari hii: Kigoma hadi Dar siku mbili kabla, Dar hadi Chicago kupitia Istanbul, au Doha au Dubai ikiwa Istanbul haina nafasi, kituo kimoja tu, mwanya wa saa tatu hadi nne. Mtoto anatarajiwa Januari, kwa hiyo mama aondoke wiki ya kwanza ya Desemba, kabla nauli za Krismasi hazijapanda. Kabla hujalipa, nitumie ratiba nzima pamoja na namba za ndege zote, nami nitaisoma kipande kwa kipande.